Sura ya Tano: Fuata Mshahara

Waulize wazee wa Gitega au Muyinga kama kuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kushika bunduki ya Mzungu, na jibu litakuja upesi: yupo. Uliza alikuwa askari wa nani, na hapo kikao kitagawanyika. Mmoja atasema wa Wadachi. Mwingine atasema la, alikuwa wa Wabelgiji, tena alifika Tabora. Shangazi aliyenyamaza tangu mwanzo atakumbusha kwamba mzee yule alirudi nyumbani akijiita keya. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli. Ndani ya umri wa mtu mmoja majeshi matatu ya Ulaya yaliigusa milima hii, na kuna watu waliotoka jeshi moja wakaingia jingine bila kuona ajabu yoyote.

Sura hii ni ya mtu anayetaka kutoka kwenye masimulizi afike kwenye karatasi. Kanuni ninayoisimamia ni moja, na naiona ina faida kuliko kujua majina ya majenerali: jeshi humwandika yule linayemlipa. Halimwandiki kwa ushujaa wake wala kwa majeraha yake. Mwisho wa mwezi kuna fedha ya kutolewa, na karani hana budi kuonyesha imekwenda kwa nani. Palipokuwa na mshahara, palikuwa na daftari. Pasipo mshahara hapana kitu, hata kama watu walikufa kwa maelfu.

Tuanze na Wajerumani, yaani wale Wadachi wa wazee. Jeshi lao la Afrika Mashariki, Schutztruppe, lilitokana na kikosi alichokikusanya Hermann Wissmann mwaka 1889: Wasudani waliosajiliwa Misri, pamoja na watu wa Msumbiji. Sheria ya mwaka 1891 ikakifanya jeshi rasmi. Vyeo vya wale Wasudani vikabaki: ombasha, shaushi, betshaushi, soli, efendi. Basi ukikuta wajukuu wanaamini jina la babu lilikuwa Ombasha, usiwasahihishe haraka, umepata ushahidi. Mzee alikuwa koplo, na yaelekea aliingia jeshini kabla ya 1918.

Urundi waliiingia kutokea ziwani. Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilikuwa kituo cha kijeshi, na mwaka 1903 Kapteni Robert von Beringe aliondoka huko na askari wake kumwandama Mwami Mwezi Gisabo hadi mwami akakubali mkataba wa Kiganda, mwezi Juni. Ni von Beringe huyo huyo aliyewapiga risasi magorila wa milimani kwenye volkano ya Sabinyo mwaka 1902, na mpaka leo gorila wa milimani anabeba jina lake katika vitabu vya sayansi. Mnyama aliyeuawa siku ile ana jalada lake Ulaya. Watu waliombebea nahodha mizigo hawana.

Ilipofika 1914 jeshi lote la koloni lilikuwa na kombania 14 na askari Waafrika wapatao 2,500. Kombania ya 9 ilikaa Usumbura, ya 11 ikakaa Kisenyi upande wa Rwanda, ya 7 Bukoba. Tangu 1912 makao ya utawala wa Urundi yalikuwa yamehamia Gitega, chini ya von Langenn-Steinkeller. Wengi wa askari hao hawakuwa Warundi. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani waliobakia na watoto wao. Hapo ndipo familia kadhaa za Waislamu wa Gitega na Muyinga zinapoanza: mwanamume wa mbali aliyekuja na boma, mwanamke wa kilima cha jirani, na watoto waliobaki na mama yao pale kombania ilipoondoka. Kwa familia za namna hiyo, mtu wa kumtafuta kwanza ni bibi. Jeshi lilihama; yeye hakuhama. Kilima chake kinajulikana, ndugu zake wanajulikana, na kwao ndiko jina la yule askari lilikotamkwa kwa mara ya kwanza.

Sasa karatasi zake ziko wapi? Habari mbaya itangulie. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1945, wiki chache kabla ya vita kwisha, ndege za Uingereza ziliupiga mji wa Potsdam, na sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi la Ujerumani za zama zile ikateketea humo. Ndiyo maana mtu anayetazamia kuletewa jalada la askari mmoja mmoja wa Schutztruppe, lenye tarehe ya kuzaliwa na alama za mwilini, hutoka mikono mitupu. Kilichosalia kimekaa pande mbili. Berlin, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani mtaa wa Lichterfelde, yapo majalada ya iliyokuwa Wizara ya Makoloni, yenye alama R 1001. Na Dar es Salaam, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Mtaa wa Vijibweni, Upanga, yapo majalada ya serikali ya koloni yenyewe, ambayo watafiti huyaita kwa herufi moja tu: G.

Kwa Mrundi, Dar es Salaam ndiyo ya kuanzia, na si kwa sababu ya nauli peke yake. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na kutoka Muyinga hadi mpaka wa Kobero ni mwendo mfupi. Ukishavuka Kabanga uko wilaya ya Ngara na njia ya basi imefunguka. Muhimu zaidi ni aina ya nyaraka. Berlin wanahifadhi mambo yaliyoonekana makubwa kiasi cha kupelekwa kwa waziri. Dar wanahifadhi mambo madogo: madai, faini, vituo, malalamiko, hesabu. Askari wa kawaida huonekana kwenye mambo madogo.

Ukiletewa jalada la G mezani, mshtuko wa kwanza ni mwandiko. Makarani wa Kijerumani wa wakati ule waliandika kwa hati ya zamani ambayo Mjerumani wa leo asiyefundishwa haisomi: herufi e inafanana na n, s ndefu inasimama kama f iliyopoteza kichwa. Usikate tamaa. Walikuwa na desturi ya kuandika majina ya kigeni kwa herufi za Kilatini za kawaida katikati ya mwandiko huo. Kwa hiyo hata asiyejua neno la Kijerumani anaweza kupitisha jicho ukurasa mzima na kuona jina la Kiswahili limejitokeza. Piga picha ukurasa huo, mengine utasomewa baadaye.

Lakini jina hilo utalitambua? Hapa ndipo watafutaji wengi wanapokwama, na ni vizuri tukae kidogo.

Karani aliandika alichosikia, kwa tahajia ya kwao. Shabani kwa Mjerumani ni Schabani, kwa Mbelgiji ni Chabani, kwa Mwingereza ni Shabani. Juma ni Djuma kwa wawili wa kwanza. Yusufu ni Jussuf kwa mmoja na Youssouf kwa mwingine. Musa ni Moussa, Sudi ni Soudi. Miji nayo vivyo hivyo. Atakayetafuta Gitega katika nyaraka za kabla ya uhuru atakosa mengi, kwa sababu imeandikwa Kitega. Muyinga utaikuta imeandikwa Muhinga. Nchi ni Urundi na watu wake Warundi. Kabla hujaondoka nyumbani, kaa na daftari uandike kila jina kwa sura tatu: ya Kijerumani, ya Kifaransa, ya Kiingereza. Kazi hiyo ya jioni moja inaokoa siku nyingi za kusoma.

Ugumu wa pili unatokana na sisi wenyewe. Kwa desturi ya Kirundi mtoto hapewi jina la baba yake kama jina la ukoo. Kila mtu ana jina lake, lililotokana na hali ya siku alipozaliwa, ugomvi wa majirani au shukrani kwa Imana, yaani Mungu. Ndugu wanne wa tumbo moja wana majina manne yasiyofanana hata kidogo. Jeshi lilitaka jina fupi linaloitika kwenye paredi. Kwa hiyo mtu aliingia boma akiwa na jina la Kirundi refu kama sentensi na akatoka akiwa Baruti, Risasi, Almasi au Juma mwana wa Abdallah, na huyo Abdallah hakuwahi kuwepo duniani. Aliyesilimu akiwa kambini alipata jina moja, aliyebatizwa baadaye alipata jingine. Mtu mmoja, majina matatu, na yote yameandikwa mahali fulani.

Dawa yake ni kuanza na vitabu vya karibu. Mapadri wa White Fathers walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899, na watu hao waliandika sana. Daftari la ubatizo lina jina la Kirundi, jina jipya, majina ya wazazi na msimamizi, na mara nyingi pembeni kuna maelezo ya ndoa iliyofungwa miaka mingi baadaye. Kama babu alibatizwa uzeeni baada ya maisha ya jeshi, ubatizo huo waweza kuwa ndiyo karatasi pekee duniani inayounganisha jina la kilimani na jina la kambini. Kwa familia za Kiislamu, waulize wazee wa msikiti nani alimuozesha nani na nani alisimama kwa niaba ya bwana harusi. Askari aliyetoka Unyamwezi hakuwa na baba pale Gitega, kwa hiyo aliyemsimamia alikuwa askari mwenzake. Jina la huyo mwenzake litafute pia. Mara nyingine ndiye atakayepatikana.

Kuhusu miaka, usimlazimishe mzee akupe tarehe. Muulize ilikuwa enzi ya mwami gani. Mwezi Gisabo alifariki 1908. Mutaga akatawala hadi 1915, na Mwambutsa akarithi akiwa bado mtoto mdogo mikononi mwa walezi. Anayesema babu aliondoka "Mwambutsa akiwa bado anabebwa" amekutajia miaka ya vita kwa usahihi wa kutosha kabisa.

Vita vyenyewe vilifika Urundi Juni 1916. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, chini ya Charles Tombeur, lilivuka mpaka kwa brigedi mbili. Ya kaskazini iliongozwa na Philippe Molitor na ilishaingia Kigali mwezi Mei. Ya kusini iliongozwa na Mdenmarki, Frederik-Valdemar Olsen, nayo ilitwaa Usumbura tarehe 6 Juni na Gitega katikati ya mwezi huo. Wajerumani hawakung'ang'ania. Walirudi nyuma wakielekea mashariki na kusini, Wabelgiji wakiwafuata, na Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba 1916. Tombeur alipandishwa kuwa baroni na kuongezewa jina la mji: Tombeur de Tabora.

Miezi hiyo minne ndiyo iliyovuruga kumbukumbu za koo nyingi. Askari wa Wajerumani walisafiri na wake zao na watoto, kambi nzima ikitembea, na njiani wengine walichoka, wengine walitoroka, wengine walitekwa. Aliyetekwa hakukaa bure. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya 6 ya King's African Rifles, yaani K.A.R., ndiyo keya ya wazee wetu, na wengi katika batalioni hiyo walikuwa askari waliokuwa wa Wajerumani. Mtu alilipwa na Kaizari mwanzoni mwa vita, kisha na Mfalme George kabla ya vita kwisha, bunduki ikamwelekea rafiki yake wa jana. Kwa hiyo shangazi wa pale mwanzo hakukosea. Alikuwa anasimulia sehemu ya pili ya maisha yale yale.

Na wapagazi? Inakadiriwa kwamba Wabelgiji peke yao walitumia wapagazi 260,000 hivi katika vita hivyo, na jeshi lilipokuwa likipita Rwanda na Urundi liliwachukua watu wa huko huko wabebe risasi, mchele na viti vya maofisa. Aliyekamatwa Gitega abebe mzigo hadi kituo cha mbele, akarudishwa au akafa njiani, hakuwa na namba wala mkataba. Upande wa Waingereza wapagazi waliandikwa zaidi kwa sababu waliahidiwa mshahara, na hata huko mishahara ya waliokufa ikageuka hoja ya makaratasi iliyovutwa miaka mingi kati ya makoloni na London. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ni nzuri kuitazama, ila usiende kutafuta jina la mtu pale. Kama babu alikuwa mpagazi wa Wabelgiji, ushauri wangu ni mgumu lakini wa kweli: usimalize akiba yako kwenye hifadhi za Ulaya. Andika wanachokumbuka wazee, kilima kwa kilima, nani alichukuliwa na nani hakurudi. Hiyo ndiyo hifadhi.

Kwa askari wa Wabelgiji hali ni tofauti sana. Force Publique ilikuwa jeshi la namba. Kila kuruti alipewa namba yake, na kwa kawaida alijifunga miaka saba. Namba hiyo ilimfuata kwenye mshahara, hospitali, adhabu na likizo. Nyaraka za koloni ziko Brussels. Zamani ziliitwa Hifadhi ya Afrika na zilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, na katika miaka ya karibuni zimekuwa zikihamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji. Makao makuu ya jeshi la Ubelgiji yalichapisha pia historia ya kampeni za Afrika katika majuzuu matatu, kati ya 1927 na 1932. Yasome kwa ajili ya ramani na tarehe. Majina mengi humo ni ya Wazungu.

Kabla ya kuandika barua Brussels, jiulize swali moja: je, babu aliweza kweli kuwa askari wa Wabelgiji akiwa Mrundi? Baada ya vita Ubelgiji ilikabidhiwa Ruanda-Urundi kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na masharti yalikataza kuunda jeshi la wenyeji isipokuwa kwa ulinzi wa ndani na polisi. Kwa hiyo kambi za hapa zilijaa askari kutoka Kongo. Ukiambiwa babu alikuwa "askari wa Mbelgiji pale Gitega miaka ya thelathini," uwezekano ni kwamba alitoka ng'ambo ya ziwa akaoa hapa, au alikuwa polisi, au alikuwa mpishi na mtumishi wa kambini ambaye wajukuu wamempandisha cheo. Hili la mwisho hutokea kuliko watu wanavyopenda kukubali.

Kuna kipimo kidogo cha nyumbani. Amri za Force Publique zilikuwa kwa Kilingala. Za keya zilikuwa kwa Kiswahili. Wazee husimulia habari za Habeshi bila kusema walikwenda na nani, na majeshi yote mawili yalifika huko mwaka 1941: Wabelgiji wakapigana Asosa, Gambela na Saio, ambako Waitaliano walisalimu amri tarehe 3 Julai, na Waingereza wakaingia kwa njia nyingine. Kama mzee alikuwa akiwapanga wajukuu mstari na kuwahesabu kwa Kilingala, barua yako iende Brussels. Kama alifoka kwa Kiswahili na kusema "kulia geuka", elekea London.

Muyinga ina sababu zake za kuwa na keya wengi. Njia ya kwenda kutafuta kazi Buganda, Bukoba na mashamba ya mkonge ya Tanganyika ilipita upande huu, na kwenye miaka ya ishirini na thelathini vijana walikwenda kwa makundi wakikimbia kodi na shuruti. Halafu kuna Bugufi. Wajerumani walikuwa wakiihesabu ndani ya Urundi; Waingereza na Wabelgiji walipogawana mwaka 1919, Bugufi ikabaki Tanganyika, na leo ni sehemu ya Ngara. Ndugu wawili wa lugha moja wakajikuta chini ya bendera mbili. Wa upande ule aliweza kuingia jeshi la Mwingereza bila kuulizwa, na wa upande huu alivuka na kusema yeye ni wa upande ule. Vita Vikuu vya Pili vilipotaka watu, keya na vikosi vya kazi viliwachukua, na wakafika Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kwenye karatasi za Waingereza usimtafute chini ya Warundi tu. Mtafute kama Muha, Msubi, Muhangaza, Mnyarwanda, hata Muganda, kwa kabila lolote ambalo afisa wa usajili angelikubali siku ile.

Nyaraka za Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, zina shajara za vita za batalioni, zilizoandikwa siku kwa siku. Shajara hizo hutaja maofisa kwa majina na askari kwa idadi: wawili wamekufa, watano wamejeruhiwa. Faida yake ni kwamba ukishajua batalioni, unaweza kujua babu alilala wapi tarehe fulani. Na batalioni unaijua kutokana na chuma kilichofungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la bibi.

Medali za Uingereza za vita vya kwanza zilichongwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Herufi ni ndogo, na miaka mia ya jasho na moshi imezifunika. Usiisugue kwa majivu wala limau. Herufi zitakwenda na uchafu. Chukua karatasi nyembamba, izungushe ukingoni, pitisha penseli laini juu yake taratibu, na namba itajitokeza. Ukipata namba, huna haja tena ya kubishana jina lilikuwa Baruti au Juma. Medali za vita vya pili, zile za nyota yenye ncha sita za Afrika na Burma, Waingereza waliwapa askari wao bila kuzichonga jina, kwa hiyo zinakwambia alikokwenda bila kukwambia yeye ni nani. Medali za Ubelgiji za kampeni za Afrika za 1914 hadi 1917 nazo kwa kawaida hazina jina. Hapo tafuta cheti chake, au picha, na uangalie nyuma ya picha kabla ya mbele.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyeiongoza Schutztruppe katika vita vya kwanza, bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wake waliokuwa bado hai. Inasemekana mlipaji alifika Mwanza na kukuta wazee kwa mamia, wachache tu wakiwa na vyeti vya 1918. Wengine walileta vipande vya sare, wengine hawakuwa na kitu. Basi yule mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akatoa amri za bunduki kwa Kijerumani, na hakuna mzee aliyekosea. Mimi nina shaka na wingi wa chumvi katika kisa hiki, lakini nakipenda kwa jambo moja: mshahara ulipotokea tena, baada ya miaka 46, orodha nayo ikaandikwa upya. Ni malipo yale yale, pamoja na malimbikizo ambayo Ujerumani ilikuwa imeyalipa Tanganyika miaka ya 1920, yaliyowafanya watu waliosahauliwa wajitokeze na kujieleza mbele ya karani.

Wabelgiji walichelewa zaidi. Juni 2022 Mfalme Philippe alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku mjini Kinshasa, akiwa na miaka 100, mkongwe wa mwisho wa Force Publique wa vita vya pili aliyejulikana kuwa hai. Wenzake walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kuhusu jeshi la Burundi lenyewe, baada ya uhuru wa 1962, nitasema machache, maana sheria zake na machungu yake si ya sura hii. Kuna familia Gitega na Muyinga ambazo hazitafuti babu aliingia lini jeshini bali alitolewa lini. Mwaka 1972 askari Wahutu walikamatwa makambini na kuuawa, na kwa jamaa zao karatasi ya mshahara wa mwisho ina uzito ambao mtafutaji wa medali hawezi kuufahamu. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, imekuwa ikipokea ushahidi na kufukua makaburi. Mwanzoni mwa 2020 ilitangaza mabaki ya watu 6,032 katika mkoa wa Karusi, jirani na Gitega. Mwenye hati ya malipo, kitambulisho au barua ya mtu wa aina hiyo asiitoe mkononi. Atoe nakala.

Na hilo la nakala liwahusu wote. Karatasi za babu zinapotea zaidi kwa kuazimwa kuliko kwa kuungua. Anakuja binamu kutoka mjini, anasema atazipeleka kwa mtu anayejua, na mwisho wake ndio huo. Wiki hii, kabla ya kuwaza nauli ya Dar es Salaam au barua ya Brussels, fungua lile sanduku, piga picha kila karatasi mbele na nyuma, chora ukingo wa kila medali kwa penseli, uandike namba unayoiona, halafu uwatumie ndugu watatu wanaokaa sehemu tatu tofauti.